Nzuri ya Salamu

Gari tunaloshirikiana sisi sita liliundwa mwaka 1994, kwa hiyo limetuzidi umri sote. Lina injini ya silinda nne, redio yenye kaseti iliyonasa ndani, na rangi ambayo wenzetu wa Nairobi wanaiita bluu na wa Dar es Salaam wanaiita kijivu. Tulilinunua kwa mchango, na tangu hapo limebeba karibu kila kitu cha maisha yetu hapa Madison: magunia ya mchele, masufuria ya pilau ya sherehe za chama, wenzetu wanaotoka zamu za usiku katika nyumba za kulelea wazee, na mara mbili limetupeleka msibani Milwaukee. Kila mwezi kila mmoja wetu hutia dola kumi na tano katika mfuko wa gari.

Desemba mfuko ulikuwa na dola 640. Desemba hiyohiyo mshale wa joto la injini ukaanza kupanda.

Haukupanda kila saa. Mchana ulikaa katikati kama kawaida. Jioni, tunapokwenda kuwachukua wenzetu kazini, ulisogea taratibu hadi robo tatu, na siku moja ukagusa ukingo wa sehemu nyekundu. Hapakuwa na mvuke, maji hayakupungua, wala hatukusikia harufu yoyote. Tulilipeleka gari gereji moja. Fundi aliwasha injini na taa, akautazama mshale, akaandika makadirio: gasketi ya silinda hedi, dola 1,850 pamoja na kazi. Akatushauri tusiliendeshe tena.

Kulikuwa na jambo lililotubana. Mama wa mwenzetu mmoja, mtu wa Tanga, alikuwa na tiketi ya kufika uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, mwezi Januari, saa mbili usiku. Ana miaka 69, miguu yake huvimba akikaa sana, na hakuwahi kutoka Tanzania. Kutoka Madison hadi O'Hare ni kama kilomita 200 kwa barabara kuu ya I-90, na usiku wa Januari wa Wisconsin si usiku wa kukaa kando ya barabara na gari lililozimika. Tukiudharau mshale nao unasema kweli, tutaua injini na mama akiwa kiti cha nyuma. Tukiuamini nao unasema uongo, tutatafuta dola 1,850 ambazo hatuna kwa ajili ya ugonjwa ambao haupo. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote tulitaka kujua kama shahidi wetu ni mkweli.

Tulianza kwa kujifunza mshale unapata wapi habari zake. Katika magari mengi ya umri huu njia ni fupi. Karibu na mahali maji ya moto yanapotoka kwenye injini kuna sensa ndogo ya shaba iliyokazwa kama skurubu. Sensa ikiwa baridi huzuia umeme sana. Ikipata joto huupitisha kwa urahisi zaidi. Waya mmoja unatoka hapo hadi dashibodi. Mshale wenyewe hauhisi joto hata kidogo. Unahisi umeme, kisha unatuletea habari za joto. Umeme ukiharibika popote njiani, mshale utaendelea kusema, na utasema kwa uhakika uleule.

Mara nyingi kuna sensa ya pili karibu na hiyo, yenye waya mbili. Hiyo ni ya kompyuta ya injini, haihusiki na mshale, na si ya kuchezewa. Gari la mwaka 1996 au la baadaye lililouzwa hapa Marekani lina tundu liitwalo OBD-II; ukichomeka kifaa cha bei ndogo unaona joto ambalo kompyuta inaliona. Letu limelikosa tundu hilo kwa miaka miwili. Ilibidi tumtafute shahidi wa pili kwa njia nyingine.

Tulinunua kipimajoto cha bastola kwa dola 22, ndugu wa kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona. Kina hila moja ambayo kila anayekitumia lazima aijue: hakisomi vizuri chuma kinachong'aa, kwa sababu chuma hicho hurudisha joto la vitu vya jirani kama kioo. Tulibandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye kifuniko cha themostati, tukaendesha jioni moja hadi mshale ukafika robo tatu, tukasimama, tukafungua boneti na kuelekeza kwenye tepu. Kilisoma 151. Hizo ni nyuzi za Farenhaiti, yaani kama nyuzi 66 za Selsiasi.

Nyuzi 66 si injini inayochemka. Ni joto la chai iliyosahaulika mezani. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, kama kule Tanga. Nairobi, juu kwenye mita 1,700 hivi, huchemka karibu na 94. Ndani ya injini yamechanganywa na kulanti nusu kwa nusu na yanabanwa na mfuniko, kwa hiyo hayachemki mpaka yapite 120. Mbano huohuo ndio unaofanya mfuniko usifunguliwe injini ikiwa moto: ukiuondoa, maji huchemka papo hapo na kukurukia usoni.

Joto la nje ya chuma ni pungufu kidogo kuliko la maji yaliyo ndani, lakini pengo hilo haliwezi kuwa la nyuzi hamsini. Tulikagua na dalili nyingine za gasketi iliyoungua: moshi mweupe wenye harufu tamu, oili iliyogeuka rangi ya maziwa, maji yanayopungua, mapovu kwenye kopo la akiba. Hatukuona hata moja. Mwenzetu mmoja akauliza, "Lakini mbona sitini na sita? Si ni kidogo mno?" Tukaliandika swali lake pembeni, tukaendelea na la kwanza.

Sasa tulijua kwamba mshale unatia chumvi. Tulihitaji kujua ni nani anayeulisha uongo: mshale wenyewe, waya, sensa, au umeme unaowafikia wote. Kitabu cha matengenezo cha gari letu, tulichoazima maktaba ya umma, kilitupa jaribio la dakika mbili. Injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa, tulichomoa waya wa sensa: mshale ukalala chini kabisa. Tukaugusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja tu: mshale ukaruka juu kabisa. Kwa gari la aina yetu hiyo ina maana kwamba mshale na waya ni wazima. Si magari yote yanayojibu hivyo, ndiyo maana kitabu cha gari lako ni muhimu kuliko ushauri wetu.

Ikabaki sensa. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa tuliifungua, tukaitia katika kopo tupu la nyanya lenye maji, tukalipasha moto pamoja na kipimajoto cha jikoni. Hatukutumia sufuria ya chakula, na kopo tulilitupa. Kulanti ni sumu, na ubaya wake ni kwamba ina utamu unaowavutia watoto na mbwa. Mwenzetu wa uhandisi alileta multimita. Kwenye nyuzi 50 sensa ilitoa omu 212. Maji yalipochemka ilishuka hadi 38. Zote mbili zilikuwa ndani ya mipaka ya kitabu. Sensa ilikuwa inasema kweli.

Basi tukawa na mshale mzima, waya mzima, sensa nzima, na habari ya uongo.

Hapo tukampigia simu mzee mmoja wa Bukavu ambaye huja kwenye sherehe zetu. Kule kwao alikuwa akitengeneza malori. Hapa anafanya kazi ya usafi, lakini Waswahili wote wa mtaa wake humpelekea magari yao. Tulimwamkia, tukamsomea vipimo vyote kwa fahari kidogo. Aliposikiliza hakuuliza kuhusu vipimo.

"Mushale inapanda saa gani?"

"Jioni, mzee."

"Na mchana?"

"Mchana unatulia katikati."

"Basi jioni muko nawasha nini?"

Tukatazamana. Desemba hapa jua huzama kabla ya saa kumi na nusu. Jioni tunawasha taa kubwa, feni ya hita, na waya za kuyeyusha barafu kwenye kioo cha nyuma, vyote kwa pamoja.

"Batoto," akasema, "mutafute masi."

Masi ni neno lililomfikia kupitia Kifaransa. Sisi wa Nairobi na Dar tunasema athi. Kila kinachotumia umeme ndani ya gari kinaupokea kutoka upande wa chanya wa betri, kisha umeme lazima urudi nyumbani kupitia bodi na injini hadi upande wa hasi. Njia ya kurudi ikiwa na kutu, umeme wa taa na feni husongamana mlangoni, na dashibodi inayorudi kwa njia hiyohiyo hupoteza msingi wake. Mshale hupima umeme kwa kulinganisha na msingi huo. Msingi ukiinuka, mshale nao hupotoka. Katika gari letu ulipotoka kuelekea juu.

Kulipima jambo hili ni rahisi kuliko kulieleza. Injini ikiunguruma, tuligusisha ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Athi nzuri haitakiwi kuonyesha zaidi ya volti 0.1 au 0.2. Vyote vikiwa vimezimwa tulipata 0.3. Tukawasha taa: 0.7. Tukawasha feni na kioo cha nyuma: 1.1, na mwenzetu aliyekaa ndani akapiga kelele kwamba mshale unapanda. Tukazima, ukashuka. Tulirudia mara tatu kwa furaha ya kitoto, tukauendesha mshale kwa swichi ya taa kama mtu anayeendesha kikaragosi.

Waya wenye kosa ulikuwa chini ya sinia ya betri, pale unapofungwa kwenye bodi kwa bolti moja. Wisconsin humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo humla chuma polepole majira baada ya majira. Bolti ilikuwa imevimba kutu, na ncha ya waya imebaki nyuzi chache. Tuliondoa kwanza hasi ya betri, tukasugua kwa brashi na msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga waya mpya, tukapaka grisi juu. Kipimo kikashuka hadi volti 0.05. Tuliwasha kila kinachowaka, na mshale haukutikisika.

Lakini sasa haukukaa katikati, hata mchana. Ulisimama chini, juu kidogo ya alama ya baridi, na safari ya nusu saa haikuubadilisha. Hapo ndipo swali lililoandikwa pembeni liliporudi: mbona sitini na sita?

Themostati ni mlango mdogo wenye nta ndani. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa, maji huzunguka ndani tu mpaka yapate moto. Nta ikiyeyuka, mlango hufunguka na maji huenda kwenye rejeta kupoa. Yetu, iliyoandikwa nyuzi 82, ilikuwa imekwama wazi. Maji yalikwenda kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, katika hewa ya nyuzi 12 chini ya sifuri. Injini haikupata moto wake hata siku moja. Ndiyo maana hita ilipuliza hewa vuguvugu, na ndiyo maana tulikuwa tukigombana kuhusu mafuta tangu Novemba: kompyuta ikiona injini ni baridi huiongezea petroli, ikidhani imewashwa sasa hivi.

Kwa maneno mengine, gari letu lilikuwa na ugonjwa kweli, ila ulikuwa kinyume cha ule tulioambiwa. Fundi alitaka kutibu joto, nalo lilikuwa linaumwa baridi. Tena uongo uliotutisha jioni haukuwa mkubwa kuliko uongo uliotuliwaza mchana. Injini ilikuwa chini ya kiwango, athi mbovu ikauinua mshale kidogo, na makosa mawili yakakutana katikati, mahali ambapo dereva yeyote husema yuko salama.

Katika magari mengi ya miaka ya karibuni mshale wa katikati hufanywa hivyo kwa makusudi. Umepangwa ubaki katikati kuanzia nyuzi 80 hivi hadi kupita 100, ili dereva asishtuke joto linapopanda na kushuka kidogo mlimani au kwenye foleni. Mshale wa namna hiyo unajibu kama sisi tunavyojibu salamu. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema nzuri. Ukishasema nzuri ndipo unaongeza: ila bibi amelazwa. Ile nzuri ya kwanza si uongo. Ni adabu ya kufungua mlango. Anayeichukua na kuondoka nayo ndiye anayebaki bila habari.

Themostati mpya na gasketi yake zilitugharimu dola 17, kulanti 16, waya wa athi 9, brashi 4. Ukijumlisha na kipimajoto ni dola 68. Maji yakawa yanafika nyuzi 86 kwenye tepu yetu, mshale ukatulia chini kidogo ya katikati, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze tulivua glavu ndani ya gari. Tuliendesha hadi Janesville na kurudi usiku, siku mbili mfululizo, taa zote zikiwaka, kabla hatujamwambia mwenzetu kwamba tutakwenda naye kumpokea mama yake.

Mama alitoka getini amejifunga kanga juu ya koti la kuazima. Tukamwamkia shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba wanangu, akatushika mikono mmoja mmoja. Garini alimuuliza mwanawe habari za masomo. Nzuri mama. Habari za kazi? Nzuri. Afya je? Nzuri tu. Akanyamaza kidogo, akitazama theluji kwenye mwanga wa taa, kisha akauliza tena:

"Nzuri hiyo ni ya kweli au ya salamu?"

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumeipita Rockford. Mwenzetu akamwambia kwamba amepunguziwa zamu tangu Oktoba, kwamba ada ya muhula bado nusu, na kwamba kwenye simu alikuwa akisema salama ili asimpandishe presha. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa ukiniambia nzuri tu," akasema, "mimi nitakuombea nini?" Kisha akaanza kuuliza maswali ya kawaida ya mama: ni kiasi gani, mwisho lini, nani wa kuongea naye chuoni. Hadi tunaingia Beloit walikuwa na mpango. Aliyeketi usukani aliutazama mshale mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nao ulikuwa palepale.

Wengi wenu mnaosoma gazeti hili mnaendesha magari yenye umri kama letu, kwa hiyo tunawaachia utaratibu tulioufuata. Pima kiwango cha maji injini ikiwa baridi. Tafuta kipimo cha pili kabla hujauamini au kuudharau mshale. Angalia kinachobadilika unapowasha taa na hita. Ikiwa mshale unazifuata swichi, anza na athi, kabla hujanunua sensa. Ikiwa mshale wa mafuta na wa joto vinapotoka pamoja, shuku umeme unaovilisha vyote viwili. Na kama kipimo cha pili kitasema injini inachemka kweli, simama, zima, mpigie fundi. Siku hiyo mshale ni rafiki yako.

Kipimajoto cha bastola kipo kwenye droo ya dashibodi pamoja na tepu nyeusi. Mwanachama yeyote anaweza kukiazima. Anayekiazima atuambie alichokisoma, na akirudishe kabla ya Ijumaa.